Smuthi ya nyumbani Tanga: maziwa, mtindi, dafu au tui?

Ukitoka Soko la Mgandini na mfuko wa matunda, kuchagua tunda si kazi: unatumia lililoiva. Kazi iko kwenye kitakachomiminwa juu yake. Nanasi tamu kabisa likisagwa na maziwa freshi linageuka chungu kabla glasi haijaisha, na lawama anabebeshwa muuza nanasi. Nanasi hilohilo likipata maji ya dafu, halina neno. Papai nalo likisagwa na maji matupu lina harufu ambayo wengi huikataa. Lipe juisi ya machungwa ya Muheza, harufu inapotea. Kwa hiyo hapa tunalinganisha vimiminika kwanza, ubaridi na mashine baadaye.

Vipimo vyote ni vya glasi mbili kubwa, jumla yake kama mililita 600. Anzia na gramu 300 za tunda lililomenywa na kukatwa, kwa mililita 200 hadi 250 za kimiminika. Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 250: kikijazwa vipande vya embe au nanasi kinabeba kama gramu 160, hivyo vikombe viwili visivyofurika vinatosha. Kimiminika kikizidi hapo umetengeneza juisi, ambayo si kosa, ila si smuthi.

Maziwa freshi

Sifa yake ya kwanza hapa Tanga ni kwamba yapo. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ni wengi mkoani, kiwanda cha Tanga Fresh kiko mjini, na pakiti unaipata hadi duka la jirani. Ya pakiti yameshapitishwa kwenye moto kuua vijidudu. Yale ya chupa kutoka kwa mfugaji yachemke kwanza, yapoe, kisha yalale friji. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, na ubaridi wa friji hauuondoi.

Maziwa yanaelewana na matunda yasiyo na uchachu, na hapo parachichi la Lushoto halina mpinzani. Chukua gramu 150 tu za nyama yake, yaani karibu nusu ya tunda kubwa, kwa mililita 350 za maziwa na kijiko kimoja cha chakula cha sukari au tende tatu zilizolowekwa. Ukijaza gramu 300 kama kwa matunda mengine utapata kitu cha kula kwa kijiko, kwa sababu parachichi lina mafuta mengi na halitoi maji likisagwa. Ndizi kisukari nne au tano zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, kama gramu 200, zinakwenda vizuri na mililita 300 za maziwa, na sukari huhitaji. Ndizi ikiwa bado ina ukijani, wanga wake haujageuka sukari, nayo inaacha ukakasi mdomoni.

Maziwa yanaharibika kwa njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kukatika. Maziwa freshi yana pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ya karibu 6.7, na protini yake huganda pH ikishuka hadi 4.6 hivi. Juisi ya pasheni iko karibu na 3, ya nanasi karibu na 3.5. Ukivichanganya, chembe nyeupe zinaanza kuelea na maji ya manjano yanajitenga. Vitu vikiwa baridi sana kukatika huchelewa kidogo, ndiyo maana funda la kwanza linakudanganya kwamba mambo yamekubali.

Ya pili ni uchungu, na huo hautokani na uchachu. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini. Papai lina papaini, hasa kwenye utomvu wa ganda na kwenye tunda ambalo halijaiva sawasawa. Vyote viwili hukatakata protini ya maziwa, na vipande vinavyobaki ni vichungu. Sukari haiufuti uchungu huo. Wala kugandisha nanasi hakusaidii: ubaridi unakilaza kimeng'enya, kikipata joto kinaamka. Kinachokiua ni moto. Weka vipande vya nanasi kwenye sufuria bila maji, vikianza kutokota hesabu dakika tano, epua, acha vipoe kabisa. Utapoteza ule ukali wa nanasi bichi, ladha itaelekea kwenye jemu, lakini uchungu hautatokea. Kukatika kutabaki palepale kwa kuwa uchachu bado upo, kwa hiyo hata nanasi lililochemshwa tungelipa mtindi.

Anayeng'ang'ania nanasi na maziwa freshi ajue hicho ni kinywaji cha waja leo waondoka leo: kinasagwa, kinanywewa hapohapo ndani ya robo saa.

Mtindi

Kama friji ingekuwa na nafasi ya kimiminika kimoja tu, tungeweka mtindi. Umeshaganda kwa uchachu wake wenyewe, kwa hiyo uchachu wa tunda hauna cha kukata. Pasheni inaingia, embe linaingia, hata rojo la ukwaju kijiko kimoja linaingia. Ni mzito, hivyo unaokoa smuthi ya tunda lenye majimaji. Na wenye matumbo yanayojaa gesi kwa maziwa freshi mara nyingi huuvumilia zaidi, kwa sababu bakteria wa mtindi wameshatumia sehemu ya sukari ya maziwa.

Tunda lake ni embe. Msimu mkubwa wa embe pwani unafunguka kuelekea Desemba, na hapo dodo na bolibo zinafaa kwa kuwa zina nyama nyingi. Kwa gramu 300 za embe weka mililita 150 za mtindi, mililita 75 za maji baridi, iliki ya kusagwa inayoshikika kwa ncha ya kisu, na chumvi chembe chache. Chumvi hiyo huionji, ila ukiiacha embe linapoa utamu. Maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi yana harufu nzuri kuliko hayo makubwa, ila nyuzi zinajisokota kwenye visu vya blenda. Yasage kwanza na yale maji, pitisha kwenye chujio, ndipo uchanganye mtindi.

Mpangilio huo wa mtindi mwishoni ufuate hata kwa embe lisilo na nyuzi. Mtindi ukipigwa dakika nzima unakuwa maji, kwa sababu mshikamano wake unavunjika na haurudi. Saga tunda na maji hadi lilainike, mimina mtindi, piga sekunde tano hadi kumi, zima.

Makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kununua yogati ya ladha ukidhani ni mtindi: ile ina sukari tayari, na ukiongeza ndizi kisukari juu yake smuthi inakinaisha. La pili ni mtindi wa siku nyingi juu ya embe lisiloiva vizuri. Hapo meno yanakufa ganzi. Ongeza ndizi mbili badala ya kumimina sukari. Ndizi inatuliza uchachu na kuongeza uzito kwa mkupuo mmoja.

Nanasi na mtindi havikatiki, ila bromelaini bado iko kazini. Uchachu unauficha uchungu kwa muda, nusu saa hivi, kisha unajitokeza.

Maji ya dafu

Dafu la wastani linatoa mililita 250 hadi 400, linatosha glasi mbili. Halina protini ya maana ya kuharibiwa wala halikatiki, ndiyo sababu ni mwenzi wa kweli wa nanasi. Lina utamu mdogo na chumvichumvi kwa mbali, na katika miezi ya kaskazi, mtu anapotoka jasho hata akiwa amekaa, smuthi ya dafu inashuka kooni kuliko ile ya maziwa.

Kasoro yake ni wepesi. Maji ya dafu na nanasi peke yake vinajitenga ndani ya dakika chache, povu juu, maji chini. Dawa imo ndani ya dafu lenyewe. Muuza madafu akishakumiminia maji, mwambie alipasue na akuchongee kijiko cha ganda, ukombe ile nyama laini yote uje nayo. Nyama hiyo ndiyo inayofanya kazi ya mtindi. Mwombe dafu hasa, si koroma: nyama ya koroma imeanza kukomaa, haisagiki ikawa laini, inabaki punje zinazokwama kwenye meno.

Nanasi gramu 250, maji ya dafu mililita 200, nyama ya dafu lote, tangawizi iliyoparwa nusu kijiko cha chai. Ondoa moyo wa nanasi. Nyuzi zake hazisagiki kwenye blenda ndogo. Wakati wa kununua, nusa kitako cha nanasi. Lisipotoa harufu, usijipe moyo kwamba litaiva nyumbani: nanasi haliongezi utamu likishakatwa shambani, linalainika tu na kuchacha. Embe, papai, parachichi na pasheni zinaiva ndani, nanasi hapana. Haijalishi limetoka Kiwangwa kule Bagamoyo, panaposifika kwa mananasi, au limeletwa na jirani.

Maji ya dafu yakishatoka ndani ya ganda yanaanza kuharibika. Yatie friji, yatumie siku hiyohiyo. Yakibadilika kuwa na wekundu kidogo ni hewa imeyaathiri, bado yanaweza kuwa mazima. Yakinuka uchachu, mwaga.

Tui la nazi

Hapa ndipo mpwani anapojikwaa, kwa sababu tunalipenda tui na tunadhani litakubali kila mahali kama linavyokubali kwenye wali. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Kwenye sufuria hilo halikuhusu. Kwenye blenda yenye embe lililoganda, tui zito linageuka chembe nyeupe, na ukinywa unabaki na utando wa mafuta kwenye kaakaa. Watu hudhani tui limeharibika. Halijaharibika, limeganda.

Tumia tui jepesi. Chukua nazi moja uikune, kamua tui la kwanza kwa mililita 150 za maji ya uvuguvugu, liweke pembeni kwa ajili ya mchuzi. Mimina tena mililita 250 kwenye chicha, kamua, pitisha kwenye kitambaa safi badala ya kifumbu pekee, kwa kuwa chicha kidogo tu inaifanya smuthi iwe na mchanga mdomoni. Hilo tui la pili, likiwa limepoa ila si la barafu, ndilo la kusagia gramu 300 za embe au ndizi. Kwa asiyetaka kukuna nazi, vijiko vinne vya chakula vya tui la kopo kwenye mililita 180 za maji vinakaribia.

Tui bichi halisubiri. Katika joto la Tanga, likikaa mezani asubuhi, mchana limechacha. Na likishapita kwenye blenda, fungua raba iliyo chini ya visu uioshe kwa maji ya moto, maana mafuta yanayojificha hapo yananuka kesho yake na kuhamia kwenye smuthi ya pili.

Juisi ya machungwa

Hii ina kazi moja, lakini inaifanya vizuri kuliko wengine wote: papai. Gramu 300 za papai, juisi ya machungwa mawili au matatu, kama mililita 150, na kijiko cha chai cha ndimu. Kamua machungwa kwa mkono. Ukiyatupa kwenye blenda yakiwa na mbegu na ule utando mweupe, visu vinavipasua na uchungu unatawala. Katikati ya mwaka, machungwa ya Muheza yanapofurika mjini, ndiyo smuthi ya gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kwa mwenye haraka:

| Tunda | Chaguo letu | Linakubali pia | Epuka |
|---|---|---|---|
| Embe | mtindi | tui jepesi, dafu | tui zito |
| Nanasi | dafu na nyama yake | tui jepesi | maziwa freshi |
| Papai | juisi ya machungwa | dafu | maziwa, kama itakaa |
| Parachichi | maziwa freshi | maji na tende | tui |
| Ndizi | maziwa freshi | mtindi, tui jepesi | |
| Pasheni | mtindi, pamoja na embe au ndizi | dafu | maziwa freshi |
| Stafeli | mtindi | dafu | kusaga na mbegu |

Pasheni na stafeli zinahitaji neno la ziada. Mbegu za stafeli hazifai kuliwa. Zitoe zote kwa mkono kabla ya chochote. Za pasheni haziumizi, ila zikisagwa zinatoa vidoa vyeusi na ladha ya mti. Piga mara mbili tatu za sekunde moja moja, kiasi cha kuachanisha rojo na mbegu, chuja, kisha endelea. Pasheni tatu au nne zinatosha kabisa kwa glasi mbili.

Barafu au tunda lililoganda?

Tunda lililoganda, bila kigugumizi. Gramu 100 za barafu zikiyeyuka ni mililita 100 za maji uliyojiongezea bila kukusudia, na ndiyo maana smuthi ya barafu inaanza nzito na kuishia kama maji yaliyosuuza glasi. Barafu pia inakula visu, na ile ya kununua hujui maji yake yamechemshwa au la. Ukilazimika, iwe ya maji yaliyochemka, vipande vidogo vinne au vitano, na upunguze kimiminika kwa kiasi hichohicho.

Kugandisha: menya kwanza. Ndizi iliyoganda na ganda lake haimenyeki. Kata vipande vya sentimita 2, vitandaze kwenye sinia bila kugusana, usiku mmoja friza, kisha vikusanye kwenye mifuko ya gramu 300. Ukivitia mfukoni vikiwa bado laini utatoa gogo moja la barafu lisilovunjika. Friza ikishika nyuzi 18 chini ya sifuri, embe la Desemba linafika Machi bila shida. Umeme ukikatika muda mrefu na vipande vikalainika, usivigandishe tena; vinyweni siku hiyo.

Parachichi halipendi friza bila kinga, linapata rangi ya kahawia. Kwa maziwa usilinyunyizie ndimu kwa sababu utayakata. Lisage bila kuligandisha na ulinywe mapema.

Blenda ya jagi au ya mkono?

Blenda nyingi za nyumbani ni za wati 300 hadi 600. Za jagi zinamudu tunda lililoganda ukizisaidia: acha vipande nje dakika tano hadi kumi, anza kwa kimiminika, fuatisha tunda laini, vilivyoganda viwe juu kabisa, na usijaze zaidi ya theluthi mbili ya jagi. Ukianza na vilivyoganda chini, visu vinachimba shimo na kuzunguka hewani huku mota ikilia. Zima, ongeza vijiko viwili vya kimiminika, tikisa jagi. Saga sekunde 30, pumzisha sekunde 30. Harufu ya kuungua ikitoka, usiseme "namalizia tu". Kinachotangulia kufa mara nyingi ni ile raba ya meno chini ya jagi, na fundi anaibadilisha. Mota ikiungua ni habari nyingine.

Umeme ukiwa mdogo mota inanguruma bila kuzunguka. Chomoa mara moja. Ukikatika katikati ya kazi, chomoa vilevile, ili umeme usije ukarudi wakati umetia mwiko ndani ya jagi.

Ya mkono inatosha kwa papai, parachichi na ndizi ambazo hazijaganda, na haichukui nafasi jikoni. Kwa vilivyoganda inachoka haraka. Kama unanunua moja tu na friza unayo, chukua ya jagi.

Itakayokaa hadi magharibi

Mwezi wa Ramadhani wengi wanasaga baada ya alasiri ili adhana ikute glasi ziko mezani. Kwa matumizi hayo chagua embe na mtindi, au papai na machungwa. Saa mbili au tatu za friji haziziumizi, utakoroga tu kidogo zilizojitenga. Nanasi na dafu inakaa pia, ikirudisha povu juu. Parachichi na maziwa itapata utando wa kahawia. Jaza chombo hadi mdomoni na ukifunike kwa plastiki iliyogusa smuthi yenyewe. Ya nanasi na mtindi isagwe dakika kumi kabla ya adhana, si zaidi, na ya nanasi na maziwa freshi isiandaliwe kabisa.